Mungu Anakaa Wapi?

Ukikutana na mtu Nairobi kwa mara ya kwanza, hakuulizi ukoo wako. Anakuuliza unakaa wapi. Ukisema Kilimani anakupima, ukisema Pipeline anakupima pia, ila kwa mizani nyingine. Huku Taveta swali ni hilo hilo lakini lina mkia: unakaa wapi, na hapo unapokaa ni pa nani? Mkia huo ndio unaofanya watu wengine wanyamaze kidogo kabla ya kujibu.

Kuna watu wawili kwenye Biblia waliomuuliza Yesu swali hili. Ni katika sura ya kwanza ya Injili ya Yohana. Walikuwa wanafunzi wa Yohana Mbatizaji, wakaanza kumfuata Yesu nyuma nyuma. Akageuka, akawauliza wanatafuta nini. Hebu fikiria: hiyo ndiyo nafasi yako ya kuuliza lolote. Maana ya maisha, siku ya mwisho, kwa nini wema wanateseka. Wao wakamuuliza anakaa wapi. Naye hakuwapa anwani, aliwaambia waje waone. Wakaenda, wakakaa naye siku ile, na mwandishi akakumbuka hata saa: ilikuwa kama saa kumi jioni.

Kwa miaka mingi nilisoma kipande hiki nikakipita mbio, kama mtu anayepita Maktau akiwa na haraka ya kufika Voi. Siku hizi naona ndilo swali la Biblia nzima. Tumefundishwa kuisoma kama hadithi ya watu wanaotaka kwenda kukaa kwa Mungu. Lakini isome kama unavyosoma riwaya, toka ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho bila kurukaruka, na utaona mwendo ni wa upande mwingine. Ni Mungu anayetaka kuja kukaa kwa watu. Na kila anapokaribia, maandishi yenyewe yanauliza swali la pili: na watu, wao wanakaa wapi?

Tuanze na maneno, kwa sababu uhakiki usioshika maneno ni porojo.

Biblia ambayo wengi wetu tulikua nayo ni ile ya Union Version, iliyotoka kamili mwaka 1952. Katika Kutoka 25 Mungu anamwambia Musa wamtengenezee mahali ili apate kukaa kati yao. Kitenzi ni kukaa. Si kumiliki, si kutawala. Ni kitenzi kile kile cha mtu anayevuta kigoda, na cha mpangaji anayekuambia anakaa nyumba ya tatu baada ya kinyozi. Kiswahili hakitofautishi kuketi na kuishi, na hapo kimekutana na Kiebrania bila kukusudia, maana Kiebrania nacho kina kitenzi kimoja kinachobeba maana hizo mbili.

Halafu kuna neno maskani. Wafasiri walilitumia kwa lile jengo la jangwani lenyewe. Neno limetufikia kutoka Kiarabu, na Kiarabu na Kiebrania ni ndugu: hema hilo kwa Kiebrania ni mishkan, mzizi ni ule ule. Kwa hiyo unaposoma maskani katika Kutoka, uko karibu na sauti ya asili kuliko msomaji wa Kiingereza atakavyowahi kuwa. Na sasa angalia vijana wamelifanyia nini neno hilo. Maskani ni pale mnapokaa jioni. Chini ya mwembe, kando ya stegi ya bodaboda, kwenye ukuta wa duka lililofungwa. Hakuna anayepamiliki, hakuna risiti, na polisi wakija mnatawanyika. Kesho mnarudi.

Sisemi wafasiri walikuwa na maskani ya aina hiyo kichwani. Lakini lugha ni ya wanaoiongea, na neno likishatoka halirudi kwa mwenyewe kuomba ruhusa. Nasoma kwamba Mungu alikuwa na maskani jangwani, nawaona vijana wa stegi, na picha hainivurugi. Inanisaidia.

Sasa hema lenyewe. Taveta tunazijua hema za kila aina. Kuna za watalii kule Tsavo, ambapo mtu hulipa pesa nyingi kwa usiku mmoja ili alale karibu na ndovu ambao jirani yangu hulala akiwafukuza shambani. Kuna za harusi na matanga, za kukodi. Kuna za krusedi. Na kuna zile ambazo wazee wetu walisimuliwa, za wanajeshi wa Vita vya Kwanza, kabla ya mapigano ya Salaita mwezi wa Februari 1916, wakati reli ilikuwa inasukumwa haraka kutoka Voi kuja huku. Hema hukwambia kitu kimoja: mwenyewe yuko safarini.

Mungu wa Kutoka anachagua hema kwa sababu watu wake wako safarini. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo mahubiri mengi hayalioni. Hakuwaita waje mahali alipojenga. Wao walilala kwenye hema, akaomba hema. Mbao zake ni za mshita, mti wa jamii ya migunga hii hii ya Tsavo inayokuchoma miiba ukienda kuchanja kuni. Kifuniko ni singa za mbuzi. Mafundi wanatajwa kwa majina, Bezaleli na Oholiabu, jambo ambalo miradi yetu ya kaunti haijawahi kufanya kwa fundi yeyote. Na gharama? Ilikuwa harambee. Watu walileta kwa hiari yao mpaka mafundi wakalalamika kwamba vitu vimezidi, na Musa akatangaza kambini watu waache kuleta. Soma Kutoka 36 kama huniamini. Harambee iliyosimamishwa kwa sababu pesa zimetosha! Mkenya akifika hapo anajua yuko ndani ya kitabu cha ajabu.

Wasomaji wengi huchoka katikati ya Kutoka, kwenye vipimo vya mapazia na vikuku. Nawaelewa. Lakini mwandishi amefanya ujanja mmoja mkubwa pale. Amri za kujenga hema ziko sura ya 25 hadi 31. Kujengwa kwenyewe ni sura ya 35 hadi 40. Katikati ameweka ndama wa dhahabu. Yaani mchoro wa nyumba umekwisha kukabidhiwa, na kabla ya nguzo ya kwanza kuchimbiwa, wenye nyumba wamemgeuka mgeni. Mungu anasema basi, atatuma malaika awaongoze, yeye mwenyewe hatakwenda kati yao asije akawaangamiza njiani. Nchi ya maziwa na asali bado iko mezani. Kilichoondolewa ni ukaribu tu. Musa anakataa. Anasema kama wewe huendi nasi, usitutoe hapa. Afadhali jangwa lenye Mungu kuliko shamba lisilo naye. Ndipo ukifika sura ya 35, na mapazia yale yale yakarudiwa tena neno kwa neno, hayachoshi. Ni orodha ya vifaa vya nyumba iliyonusurika.

Sogea mbele, 2 Samweli 7. Daudi sasa ni mfalme, anakaa kwenye nyumba ya mierezi, na dhamiri inamsumbua kwamba sanduku la Mungu bado liko ndani ya mapazia. Anataka kujenga. Nabii Nathani anampa baraka papo hapo, kama wanavyofanya manabii walio karibu na ikulu. Usiku huo Mungu anamrudisha Nathani na jibu lingine. Je, nimewahi kuomba nyumba? Tangu Misri nimekuwa nikihamahama na hema. Halafu, kabla ya kuzungumzia hekalu atakalojenga mwana wa Daudi, anasema jambo ambalo sijawahi kulisikia likihubiriwa mwaka wa kampeni: kwamba atawatengenezea watu wake mahali, atawapanda hapo, wakae mahali pao wenyewe, wasisumbuliwe tena na watu wabaya.

Angalia mpangilio. Mfalme anasema jengo la Mungu. Mungu anasema makazi ya watu. Hekalu linafuata nyuma.

Isome aya hiyo ukiwa Taveta. Hifadhi ya Tsavo, iliyotangazwa mwaka 1948, imechukua zaidi ya nusu ya ardhi ya kaunti nzima. Kwenye tambarare karibu na mji, Ewart Grogan, yule mzungu aliyesifika kwa safari yake ya kutoka Cape hadi Cairo, alimiliki mashamba makubwa ya mkonge, na miaka ya 1930 akajijengea jumba la fahari juu ya kilima. Jumba bado lipo. Ukisimama pale unaona kila kitu, hadi Kilimanjaro mawingu yakikubali. Katikati ya mkonge na mbuga wamebaki watu wanaoitwa maskwota, wengine wakiwa wamezaliwa hapo, na wazazi wao pia. Neno skwota ni la kikatili ukilichunguza. Asili yake ni Kiingereza, na maana yake ya kwanza ni mtu aliyechuchumaa. Yaani hajakaa. Anachuchumaa, tayari kuinuka akifukuzwa.

Kwa hiyo Mungu anayewaahidi watu kwamba watakaa na hawatasumbuliwa tena anaongea lugha inayoeleweka ofisi ya chifu. Tatizo ni kwamba hatuisomi hivyo. Nyimbo zetu nyingi za matanga zinatukumbusha kwamba hapa duniani tunapita tu. Ni faraja, na siwanyimi wafiwa faraja. Hata Waraka kwa Waebrania unazungumza hivyo. Ila nimegundua kwamba wanaosisitiza sana kwamba dunia tunapita mara nyingi wana hatimiliki kwenye droo.

Rudi kwa hekalu. Sulemani alilijenga, na likawa zuri kweli. Lakini mwandishi wa 1 Wafalme, huku akitusifia dhahabu, anatupenyezea takwimu: watu 30,000 walitozwa kazi ya lazima, wakipelekwa Lebanoni 10,000 kwa zamu ya mwezi. Linganisha na hema la hiari lililozidiwa na michango. Nadhani kulinganisha huko ni kwa makusudi, kwa sababu Sulemani anapokufa watu wanakuja kwa mwanawe na lalamiko moja, nira ni nzito. Anawajibu kwa kiburi. Ufalme unapasuka vipande viwili, na msimamizi wa kazi za lazima anapigwa mawe hadi kufa. Ukuta wa kwanza kupata ufa ulikuwa wa taifa. Wa hekalu ulisubiri.

Yeremia anasimama mlangoni pa hekalu hilo, sura ya 7, na kuwaambia waabudu waache kutegemea jina la jengo. Wakiacha kumwonea mgeni, yatima na mjane, ndipo Mungu atawaacha wakae mahali hapo. Kitenzi ni kile kile, kukaa. Mungu na watu wako kwenye mkataba mmoja wa nyumba: ukimfukuza mjane, umemfukuza na mwenye nyumba. Na Ezekieli anamwona akiondoka kweli. Sura ya 10 na ya 11, utukufu unatoka hatua kwa hatua, kizingitini, kisha lango la mashariki, kisha mlima ulio nje ya mji. Anaondoka polepole kama mtu anayetumaini ataitwa arudi. Haitwi. Lakini Ezekieli alikuwa ameshamwona pia kwingine, uhamishoni Babeli, kando ya mto Kebari, kwenye kiti kilicho juu ya magurudumu. Waliofurushwa walifurushwa naye.

Sasa ninao ugomvi mdogo na wafasiri wangu wapendwa. Yohana 1:14, pale Neno anapofanyika mwili, Kigiriki kinatumia kitenzi cha kupiga hema. Mwandishi alitaka tumkumbuke Musa. Union Version wameandika tu kwamba alikaa kwetu. Ni Kiswahili kizuri, cha jirani kabisa, lakini uzi umekatika. Wangeandika kwamba alifanya maskani kwetu, msomaji wa kawaida angeuona mstari mmoja unaotoka Kutoka, ukapita Yohana, ukafika Ufunuo 21, ambako wafasiri hao hao wamelirudisha neno maskani. Wamelitumia mwanzo na mwisho, wakalisahau katikati, mahali lilipohitajika zaidi.

Hata hivyo uzi mwingine waliushika vizuri. Mazishini tunasomewa Yohana 14, kuhusu makao mengi nyumbani kwa Baba. Mhubiri hufunga kitabu hapo. Ukiendelea aya 21 mbele, neno makao linarudi, na Kigiriki pia ni neno moja, ambalo halipo kwingine kokote katika Agano Jipya. Safari hii Baba na Mwana ndio wanaokuja kufanya makao kwa mtu anayempenda Yesu. Sura moja, neno moja, pande mbili za barabara. Sisi tumechukua upande wa kwenda tu.

Niseme na lililo gumu, maana nikinyamaza nitakuwa nahubiri. Nchi ambayo Mungu alienda kukaa na watu wake ilikuwa na wenyewe. Kitabu cha Yoshua hakifichi. Msomaji wa Taveta hawezi kujifanya hajaona, kwa sababu alishafikiwa na wageni waliobeba kitabu hiki hiki. Misheni ya CMS ilikuwa hapa miaka ya 1890, na mwaka 1895 Robert Steggall alianza kutoa jarida la Taveta Chronicle, mojawapo ya magazeti ya kwanza kabisa katika nchi inayoitwa Kenya leo. Misheni si Grogan, na sitaki kuwachanganya. Lakini wote walikuja na hakika kwamba wana nafasi yao hapa, na wa Grogan ndio wakabaki na ramani.

Je, Biblia inajitetea? Kwa sehemu. Mambo ya Walawi 25 inasema ardhi isiuzwe moja kwa moja, kwa sababu ni ya Mungu, na Waisraeli wenyewe ni wageni wanaokaa kwake. Yaani mbele ya Mungu hata mshindi wa Yoshua ni mpangaji. Halafu kuna Nabothi, aliyeuawa kwa sababu mfalme alitamani shamba lake la mizabibu, na mwandishi hamsamehei Ahabu hata kidogo. Hayo yananipa nguvu ya kukitumia kitabu dhidi ya wanaokitumia vibaya. Hayanifutii Yoshua. Nimeacha kutafuta mhubiri wa kunifutia.

Mwisho wa kitabu kuna jambo la hesabu ambalo, likikuingia, hutalisahau. Chumba cha ndani kabisa cha hema, alimoingia kuhani mkuu peke yake mara moja kwa mwaka, kwa hesabu ya mbao na mapazia kilikuwa mchemraba: dhiraa 10 kila upande. Katika hekalu la Sulemani ni mchemraba tena, dhiraa 20. Kisha Ufunuo 21 unapima mji unaoshuka kutoka mbinguni, na urefu, upana na kimo ni sawa, stadia 12,000, yaani kama kilomita 2,200. Ni kutoka Mombasa hadi Nairobi mara nne na zaidi, na juu vivyo hivyo. Ni mchemraba wa tatu. Kile chumba kimekuwa mji. Ndiyo maana Yohana anasema hakuona hekalu humo: uko ndani yake tayari, wewe na wenzako na vitu vyenu, na malango hayafungwi. Tena mji unashuka. Hakuna aliyepanda.

Watu wa Babeli, katika Mwanzo 11, walijaribu kujenga kwenda juu, na Mungu akalazimika kushuka ili aone walichokuwa wakijenga. Kitabu kilikuwa kimeshatuambia mapema njia inaelekea wapi.

Jumatano na Jumamosi, siku za soko, Taveta hufurika. Ndizi, nyanya, watu wa Holili, watu wa Voi, mama wa vitunguu aliyekaa pale pale miaka yote bila karatasi yoyote inayosema ni pake. Jioni wanafunga magunia na kila mtu anashika njia ya kwake, kwa wenye kwao. Wengine wanarudi kwenye ardhi ambayo hawaruhusiwi kupanda hata mwembe, kwa sababu mwembe ni ushahidi. Kwa wengine hata kaburi ni la kuombewa ruhusa.

Basi siku utakapokuwa kwenye matanga, na mhubiri akasoma habari za makao mengi kisha akafunga kitabu, mwombe kwa heshima aendelee hadi aya ya 23. Na akimaliza, muulize marehemu anazikwa wapi, na hapo ni pa nani.